Mkaguzi Aliyetaka Kusahihishwa

Akiletewa kiti hakikalii. Walimu wakuu wote wa Unguja walilijua hilo, na bado kila alipokuja walikimbia kutafuta kiti kizuri, wakakipangusa vumbi, wakakiweka mbele karibu na ubao. Naye akakipita kana kwamba hajakiona, akaenda zake mpaka dawati la nyuma kabisa, akawaambia watoto, "Sogeeni." Watoto wakasogea. Akakaa nao hapo, mwavuli mapajani, na mwalimu aliyekuwa akisomesha akasahau hata somo lenyewe lilikuwa la nini.

Alikuwa mkaguzi wa skuli. Sisi tulimwita Bi Mkaguzi, na hata alipostaafu hakuna aliyethubutu kumvua cheo chake. Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni binti wa nani. Ukianza kumuuliza mambo hayo alikukata mara moja: "Kwani unataka kunioa?" Basi tuyaache.

Mara ya kwanza nilimwona miaka ya themanini, nikiwa mwanafunzi. Alikaa dawati letu, mimi nimebanwa kati yake na ukuta, siwezi hata kupumua. Mwalimu alipomaliza somo, Bi Mkaguzi alisimama akauliza darasa zima, "Yupo kati yenu aliyewahi kumwambia mwalimu huyu kuwa amekosea?" Tukatazama chini. Nani amwambie mwalimu amekosea, halafu aende wapi? Akangoja, akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema, "Basi ama mwalimu wenu ni malaika, ama nyinyi nyote waoga." Akachukua mwavuli wake akaondoka. Mwalimu alituchapa wote siku ile, na mpaka leo sijui alituchapa kwa kosa gani.

Nilipokuwa mwalimu mwenyewe, mwalimu wa jiografia, alikuja kunikagua. Lo! Nilijitayarisha wiki nzima. Nilichora ramani ya kisiwa chetu kwa chaki za rangi, bahari ya buluu, misitu ya kijani, nikaweka Jozani mahali pake na Fumba mahali pake. Watoto walikaa kimya wakinisikiliza kama wako msikitini. Mwisho nikamfuata pale nyuma nikingoja sifa zangu. Akasema, "Ramani si haba. Watoto hawakuuliza kitu." Hilo "si haba" lake ndilo lililokuwa sifa kubwa kuliko zote alizowahi kumpa binadamu, lakini mimi wakati ule sikulijua hilo. Niliingia ghala ya madaftari nikalia, wallahi.

Usidhani lakini kwamba alikuwa mtu wa kununa. Alipenda umbea kuliko sisi sote. Ukikaa naye chumba cha walimu, utayajua ya mitaa ya Vuga na Mlandege, nani kaposwa, nani kaachwa, nani kanunua friji ikaja mbovu. Alicheka mpaka machozi. Akishamaliza kucheka anakwambia, "Lakini mimi sikusema kitu," na anaendelea na kingine. Alipenda sana pia kuonekana kijana. Umri wake alikuwa akiupunguza bila haya, mpaka siku moja tukapiga hesabu tukaona kuwa kwa maneno yake mwenyewe alianza ukaguzi akiwa bado ananyonya.

Na hapa ndipo nilipokuwa nikimshangaa. Mwanamke huyu aliyezunguka kisiwa kizima akiwauliza watoto nani amewahi kumsahihisha mwalimu wake, mwenyewe ukimsahihisha, umekwisha. Jirani yake mmoja alimwambia pilau yake imeshika chini. Alimnunia wiki mbili. Wakipishana ngazini, shikamoo ya jirani haijibiwi, na nyumba zile za Mji Mkongwe ngazi ni moja, huna pa kupitia pengine. Muuza samaki wa soko la Darajani aliwahi kumsikia akichanganya majina ya samaki, akamwambia, "Bibi, huyu si changu, huyu tasi." Alimrudishia samaki wake na hakununua kwake tena. Nilimtania siku moja nikamwambia, "Bi Mkaguzi, dawa yako unaijua, basi tu hutaki kuinywa." Akanitazama mpaka nikajuta.

Sasa nieleze la kompyuta, maana ndilo lililotukutanisha kikweli.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili, nami nshakuwa mwalimu wa siku nyingi. Skuli yetu ilipewa mradi wa majaribio wa mwaka mmoja. Tulipewa chumba, tukapewa kompyuta, na wanafunzi wetu wafunzwe kuandika na kuhariri kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote popote alipo anaweza kuingia akaandika jambo analolijua, na mwenziwe akaja akalisahihisha. Ofisi ya mradi ilikuwa Dar es Salaam na wafadhili wao walikuwa mbali zaidi. Mwalimu wa darasa hilo nilikuwa mimi.

Nnataka mnifahamu. Miaka yote nilikuwa nikiwaandikisha watoto insha, na insha ya mtoto ina msomaji mmoja tu, mimi, tena nimechoka na nnafikiria nitapika nini. Leo mtoto wa kidato cha pili anaandika ukurasa juu ya kijiji chao, na kesho anakuta mtu wa nchi asiyoijua ameingia akaongeza picha ya ramani. Siku ya kwanza lilipotokea hilo watoto walipiga kelele mpaka mwalimu mkuu akaja mbio akidhani kuna mtu kapigwa na umeme. Walikuwa wakigombea kuingia chumba kile, viatu vimelundikana mlangoni kwa sababu ya vumbi, na umeme ukikatika hawaondoki, wanakaa gizani wakibishana waandike nini ukirudi. Darasa lile lilikuwa roho yangu, nasema kweli. Na tuliambiwa wazi tangu mwanzo: mwisho wa mwaka utafanywa ukaguzi. Ukiwa mzuri, darasa litaendelea na kompyuta zitabaki. Ukiwa mbaya, zinahamishiwa skuli nyingine, tena bara.

Bwana wa mradi akatafuta mtu wa hapa hapa, mwenye uzoefu, asiyependelea. Mnadhani alimpata nani?

Alikuja amestaafu, mwavuli mkononi. Nilimwekea kiti, akakipita, akaenda kukaa na watoto kwenye mashine ya mwisho. Nikasema moyoni, haya, yametufika.

Hakuwahi kushika kompyuta. Siku ya kwanza mausi ilimshinda kabisa. Aliinyanyua juu akaielekeza kwenye kioo kama mtu anayebadilisha chaneli ya televisheni, na watoto wakajifunika midomo kwa mitandio. Aliwaona. Nikangoja awafokee, lakini alisema, "Mnacheka nini, nionesheni." Msichana mmoja, Mwanaidi, mtoto wa Fumba aliyekuwa akikaa mjini kwa shangazi yake, aliweka mkono wake juu ya ule wa Bi Mkaguzi, akamwongoza taratibu. Tangu siku hiyo Bi Mkaguzi akawa hakai ila karibu na Mwanaidi.

Kilichompendeza kuliko vyote ni historia ya ukurasa. Nilipomfungulia akaona kila aliyeingia ameandikwa, saa aliyoingia, neno aliloongeza na neno alilotoa, alipiga makofi. "Mwalimu! Miaka yote ile nnapanda magari ya ng'ombe kwenda mashamba, kumbe kilikuwepo kitu kama hiki?" Nikamwambia hakikuwepo bado. "Kingekuwepo," akasema, "ningekaa nyumbani nikawakagua nikiwa kitandani."

Akaanza kusoma. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri alikuja, akasoma kurasa za watoto na historia zake, mstari kwa mstari. Mimi nikizunguka karibu naye nikijifanya nnapangusa mashine. Siku moja akaniita.

"Mwalimu."

"Naam."

"Huyu kima punju wa Jozani, anakula ndizi mbivu au hali?"

Nikatazama. Kurasa zote nilizianzisha mimi. Niliandika sentensi mbili tatu za mwanzo ili watoto wapate pa kushika. Kwenye ule wa Jozani nilikuwa nimeandika kwamba kima punju hupenda sana ndizi mbivu. Chini yake mwanafunzi mmoja wa kijiji cha Pete, baba yake anatembeza wageni msituni, ameongeza: "Wengine husema kima punju hali ndizi mbivu kwa sababu humuumiza tumbo."

"Hali," nikasema. Nilijisikia uso unawaka moto. "Nilikosea mimi."

"Na mtoto alijua kuwa umekosea."

"Alijua."

"Kwa nini hakufuta?"

Akanifungulia ukurasa mwingine, na mwingine. Kila mahali ilikuwa hivyo hivyo. Sentensi zangu zimekaa pale pale juu, mbovu na nzima, hakuna mkono uliozigusa, na chini yake watoto wamepanga kwa upole: wengine husema, yasemekana pia, wapo wanaoona. Hata wao kwa wao, mdogo hakugusa neno la mkubwa. Kidato cha pili kiliongeza chini ya kidato cha tatu, na kidato cha tatu chini yangu mimi. Hakuna aliyemfuta mtu. Ungezisoma kurasa zile ungedhani Unguja nzima haina jambo hata moja lenye uhakika.

"Watoto wako wana adabu," Bi Mkaguzi alisema. Akavua miwani akaifuta. "Lakini walitakiwa kuhariri."

Akaamua kuwajaribu. Aliniambia mimi peke yangu, na akaniapisha nisiseme. Alijifungulia akaunti, akakataa majina yote ya mzaha niliyompendekezea, akajiita Mkaguzi Mstaafu. Kisha akaingia ukurasa wa Fumba akaandika kwa kidole kimoja, jasho linamtoka: "Kina mama wa Fumba huokota chaza maji yakijaa."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Mtoto gani wa kisiwa hiki asiyejua kuwa chaza, kombe wale wa miambani, huokotwa maji ya bahari yakitoka? Maji yakijaa utaokota nini, utapiga mbizi? "Bi Mkaguzi, hili watalifuta kabla hujafika Vuga," nikamwambia.

"Inshallah," akasema.

Wiki ikapita. Sentensi ipo. Akawaambia darasani, "Nimeandika kitu kule Fumba. Atakayeona kosa afute, sitamgombeza." Basi ndiyo akaharibu kabisa, maana mtu mzima akikwambia nikosoe, kwetu hiyo ni kukupima adabu, na watoto walijua jibu lake. Siku ya pili tukafungua ukurasa. Chini ya sentensi yake palikuwa na mstari mpya: "Na wengine huokota maji yakitoka." Nikataka kujificha chini ya meza.

Ripoti ilikuwa inakaribia. Nikaanza kwenda nyumbani kwake jioni nikijifanya nnampelekea vitabu vya kusoma. Kwa kweli nilikwenda kumbembeleza. Nilikuwa nimekaa kwake hivyo siku moja, birika la chai liko mezani, tukasikia hodi huko chini, na baada ya muda wakatokea Mwanaidi na mama yake, wanahema kwa ngazi. Mama alikuwa ametoka Fumba siku hiyo hiyo, amevaa nguo ya kutokea, na mkononi ana kikapu cha mihogo na nazi.

"Shikamoo, Bi Mkaguzi."

"Marahaba. Karibuni. Kuna salama?"

"Salama, Bibi. Tumekuja kwa neno dogo tu." Yule mama akakaa ukingoni mwa kiti. "Huyu mtoto kaja nyumbani, kansimulia. Anataka kukufutia maneno yako kwenye hiyo kompyuta yao. Mi nkamwambia, maneno ya mtu mzima hayafutwi hivi hivi. Twende kwanza tukamtake radhi."

Mwanaidi alikuwa ameinamisha kichwa mpaka sikuuona uso wake.

"Maneno gani?" Bi Mkaguzi akauliza.

"Yale ya chaza, Bibi," Mwanaidi akajibu kwa sauti ndogo.

"Yana nini?"

Mtoto akamtazama mama yake. Mama akamwokoa. "Hayana kitu, Bibi. Ila ndo mtu mzima husahau. Hata mimi siku hizi, chumvi natia mara mbili, nyumba nzima wananlalamikia." Akasema kwa huruma kabisa, akamtazama Bi Mkaguzi kama anavyotazamwa mgonjwa.

Mimi nilikuwa nimefura kwa kicheko na hasira pamoja. Nilitaka kusema, jamani, huyu hakusahau kitu, huyu aliweka mtego! Nikafungua mdomo. Bi Mkaguzi akanikata jicho moja tu, nikaufunga. Nikamtazama yeye. Huyu aliyemnunia jirani wiki mbili kwa pilau, huyu aliyejipunguzia umri mpaka utotoni, leo anaambiwa amechakaa akili, nyumbani kwake, mbele yangu.

"Kweli, mwanangu," akasema. "Siku hizi nnasahau."

"Basi afute?"

"Afute. Radhi nshatoa." Akamgeukia Mwanaidi. "Umefanya vizuri. Chaza maji yakitoka. Vipi nilisahau kitu kama hicho!"

Wakanywa chai wakaondoka. Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia. Alikuwa amesimama dirishani, amenipa mgongo, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Ningemwambia ni mtego, angejiona mjinga aliyechezewa. Asingemsahihisha mtu mzima tena maisha yake yote." Halafu akasema, "Mimi kibibi, Mwalimu. Umesikia? Nimekuwa kibibi wa kutiliwa huruma." Nikataka kumfariji, nikamuoshea vikombe.

Habari ilienea kama unavyojua kwetu. Wiki ile ile pale Darajani watu walianza kusema naye taratibu, kwa sauti kubwa, wakimrudishia chenji wakimhesabia moja moja. Muuza mboga alimuuliza kama anaijua njia ya kurudi nyumbani. Alivumilia yote, na mimi nilimwona mkubwa kuliko siku zote nilizomjua. Na siku ya pili tulipofungua ukurasa wa Fumba sentensi yake haikuwepo. Kwenye ukurasa wa majadiliano, kule wanakojadiliana waandishi, Mwanaidi alikuwa ameandika: "Nimefuta sentensi ya Bi Mkaguzi. Radhi ameitoa mwenyewe."

Kisha tukagombana.

Karatasi ya ukaguzi ya wafadhili iliuliza wanafunzi wangapi wamesahihisha kazi ya mwengine. Bi Mkaguzi alikuwa anaandika mmoja. Nikapanda ngazi zile nikiwa nimejaa. "Bi Mkaguzi, hizo 'wengine husema' zote ni masahihisho! Sisi ndivyo tunavyosahihisha! Mtu hakwambii umekosea, anakwambia nimesikia pia hivi, nawe unafahamu. Zihesabu hizo, uone kama hawakuhariri!"

"Ni adabu, na nimeiandika," akasema. "Nimeisifu kurasa mbili nzima. Lakini mtu wa mbali asiyetujua, akisoma kima anapenda ndizi na kima hali ndizi, atashika lipi?"

"Ukiandika mmoja wanalifunga darasa!"

"Nimeandika pia waongezewe mwaka. Nimeandika wameshaipata njia, wataanza kwa kutaka radhi kule kwenye majadiliano, na baadaye hata radhi hawataihitaji. Yote yamo."

"Hawatasoma mpaka huko! Watatazama ile moja! Utatuua, Bi Mkaguzi."

"Mimi sikuja kuua wala kufufua," akasema. "Nilikuja kutazama. Ningeandika uongo juu ya watoto wanaofunzwa kuandika kweli, ningewatazama vipi?"

Nikaondoka bila ya kuaga. Yakawa kama nilivyosema. Bwana wa mradi alikuja kutoka Dar, mtu mpole, akanishukuru kwa juhudi zangu, akasema matokeo hayakufikia lengo. Wachukuzi wakazishusha kompyuta moja moja wakazipakia kwenye pikapu, na watoto wamejipanga ukutani wakiangalia. Mwanaidi alilia. Mimi sikulia mbele yao, lakini nilipofunga mlango wa chumba kile kitupu nilihisi nimezika mtu.

Nikamnunia. Naam, mimi nilimnunia yeye. Nikiuona mwavuli wake kule Darajani nnaingia duka la kwanza lililo karibu, hata kama la misumari. Baada ya miezi alimtuma Mwanaidi aje kuniita, nikasema nna kazi. Akamtuma tena, nikasema nna mitihani ya kusahihisha. Hakutuma mara ya tatu, na miaka ikapita hivyo, tunaishi mji mmoja ambao ukipiga chafya upande huu unaombewa afya upande wa pili.

Nilimwona tena Jumamosi moja Mlandege. Nilikuwa nnatafuta pa kutolea kopi, nikaelekezwa duka moja la mtandao, ndani nyuma ya duka la vitambaa. Nikapita kati ya majora, nikaanza kusikia watoto wanabishana, na sauti moja ya kikongwe iko juu ya zote. Nikasogeza pazia.

Alikuwa amezeeka kweli sasa, bila ya kusingiziwa. Amekuwa mdogo, miwani minene, mikono inatetemeka. Mbele yake palikuwa na mashine, na kwenye mashine yuko Mwanaidi, mwanamke mzima anayesoma chuo, na pembeni yake watoto watano au sita wa skuli mbalimbali. Kwenye kioo nikauona ukurasa ninaoujua sura yake kama ninavyoijua nyumba yangu. Walikuwa wanaandika juu ya Mlandege, na Bi Mkaguzi anawasomea kutoka kichwani.

"Andikeni hapa kwenye kona palikuwa na tanuri la mikate," akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nikitumwa." Mwanaidi akaandika.

"Siyo, Bibi." Alikuwa ni kitoto cha kike, hakijafika hata kidato cha kwanza. "Tanuri lilikuwa upande wa pili wa njia. Babu yangu ndiye aliyekuwa akiliwasha. Nmemuuliza, na nimekwenda nikaona pale alipokuwa akisimama. Nnafuta."

Na akafuta. Hakutaka radhi, hakuongeza "wengine husema", hakumtazama hata usoni. Kidole tu, na neno la Bi Mkaguzi likatoka.

Nilimtazama yeye. Nilijua anavyokuwa akikosolewa, nikangoja. Mdomo ulimkaza, akavuta pumzi, akaiachia. Halafu akacheka kidogo peke yake, akampiga yule mtoto kikofi cha mgongoni. Alipogeuza kichwa akaniona nimesimama kwenye pazia.

"Shikamoo, Bi Mkaguzi," nikasema.

"Marahaba. Umechelewa, mwanangu. Darasa lako linakutana hapa kila Jumamosi, miaka sasa. Nilikutumia mtu mara mbili."

"Darasa langu?"

"La nani basi?" akasema, akanishangaa kwa kweli. "Mimi kazi yangu kukagua tu."

Machozi yalinitoka, sikuyazuia, na watoto wakanitazama wasijue mwanamke huyu ana nini. Miaka yote ile nilikuwa nikilia msiba wa kitu kilicho hai, mtaa wa pili tu, na ni mimi peke yangu niliyekuwa sijui. Mwanaidi akainuka akanishika mkono akanikalisha mahali pake.

"Haya, Mwalimu, andika," akasema Bi Mkaguzi.

Nikajifuta uso kwa mtandio, nikaandika sentensi moja juu ya Mlandege. Sikuwa nimefika hata nukta, na yule mtoto wa tanuri alishasogea karibu, kidole kiko kwenye kioo, anansomea pale nilipokosea.